Mimi Si Baharia

Januari ya mwaka jana niliandikwa baharia. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kufunga fundo ambalo mbuzi angeshindwa kulifungua, na kuogelea nilijifunzia kwetu Korogwe, kwenye maji ya magotini. Lakini katika karatasi iliyobaki nchi kavu usiku ule, chini ya nahodha na mabaharia watatu wa kweli, nilikuwemo. Mimi namba tano, rafiki yangu namba sita. Mbele ya kila jina palikuwa na safu ya kazi, na mbele ya majina yetu mawili, wanafunzi wa shahada ya uzamili wenye kompyuta ndani ya mifuko ya nailoni, liliandikwa neno hilo moja: baharia.

Nina ugomvi na neno hilo. Si na karani aliyeliandika, yeye alitusitiri. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaolipenda jahazi. Naamini mapenzi yetu ndiyo yaliyomlazimisha yule kijana kuandika uongo, na naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Nilikuwa Pangani kwa utafiti. Ninaandika tasnifu ya historia kuhusu biashara ya majahazi kati ya Mrima na Unguja. Rafiki yangu, mzaliwa wa Mkokotoni, alikuja kunisaidia kwa sababu wazee wa pwani hunijibu mimi kwa adabu na humjibu yeye kwa ukweli. Siku ya nne, alasiri, akapigiwa simu. Bibi yake, aliyemlea, amefariki. Maziko kesho baada ya sala ya adhuhuri.

Chukua ramani. Kutoka Pangani hadi Mkokotoni, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilomita 60. Siku ikiwa safi, mtu wa Pangani anajua kisiwa kiko wapi kama anavyojua msikiti uko wapi. Lakini njia ya halali kwa mtu mwenye nauli ya mwanafunzi ni hii: basi hadi Muheza, kisha Segera, kisha Chalinze, kisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300. Ulale Dar. Asubuhi upande boti ya kwenda mjini Unguja. Ukishuka, utafute daladala ya kaskazini. Tulihesabu mara mbili. Kwa hesabu nzuri kabisa angefika wakati watu wanakunja mikeka. Zipo pia boti ndogo za kukodi zinazowavusha watalii kwenda Nungwi, lakini bei yake ilitajwa kwa dola, na usiku haziendi.

Na lilikuwepo jahazi. Nahodha wake ni ami wa rafiki yangu kwa upande wa Tumbatu, na alikuwa akingoja maji yajae arudi na shehena ya vitunguu, viazi na mbuzi kumi na wanane. Rafiki yangu alimsalimu, "Shikamoo, Ami," akamweleza. Mzee hakuuliza habari ya nauli. Alisema tu, "Maji saa tano. Msile kitu kizito."

Kikwazo kilikuwa karatasi. Jahazi lile lilikuwa na leseni ya mizigo. Karani, kijana wa umri wetu, akatikisa kichwa: abiria haandikiki. Kisha akamtazama rafiki yangu usoni.

"Msiba?"

"Msiba, kaka."

Akavuta kalamu. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika taaluma ambayo wengine huanza utotoni na kuisomea mpaka mvi.

*

Sasa tuseme juu ya mapenzi.

Jahazi liko kila mahali isipokuwa kwenye ratiba ya usafiri. Liko kwenye mabango ya hoteli, kwenye fulana, kwenye kuta za mikahawa, kwenye majalada ya vitabu vya fasihi tunavyovisoma. Wanandoa hupigwa picha mbele yake jua linapozama. Jahazi likifa, mbao zake huchongwa meza na vitanda, kisha mteja huelezwa kwa sauti ya chini kwamba ubao huu umevuka bahari. Umevuka, ndiyo. Ulivuka na watu. Majina yao hayauzwi pamoja na meza.

Sisi wasomi tunajidhani bora kuliko mteja wa meza, lakini tuna vitanda vyetu vya mbao hizohizo. Tunafungua makongamano kwa kukumbusha kwamba karibu miaka elfu mbili iliyopita kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kilitaja vyombo vya kushonwa katika mwambao huu. Tunasema "ulimwengu wa Bahari ya Hindi" kana kwamba tumetoka huko asubuhi. Katika semina moja niliyohudhuria tulijadili pepo za msimu kwa saa mbili, dirisha likiwa wazi, na hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyeweza kusema upepo uliokuwa ukipeperusha karatasi zetu ulikuwa kusi au matlai.

Au tazama habari ya mtepe. Chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hakikupata mrithi. Karne iliyopita watu waliacha kukiunda. Baadaye ukajengwa mfano wake, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, na wageni wakapita kuuzunguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Tuliomboleza, na ilistahili. Lakini hebu tuulizane: je, tunaomboleza vyombo vilivyo hai kwa kiasi hicho? Jahazi likizama na vitunguu na vijana watatu, ni nani kati yetu huandika hata ukurasa mmoja?

Kumpenda mtu aliyekufa ni rahisi, haombi kitu. Jahazi tulilolipenda ni la marehemu. Hili lililo hai, lenye harufu ya mbuzi na turubai lililoshonwa viraka, linatukera. Mwenzetu mmoja darasani aliwahi kulalamika kwamba siku hizi mabaharia wanatumia turubai la plastiki badala ya tanga la pamba, na wengine wanafunga mashine nyuma, "uhalisia unapotea." Nilitikisa kichwa kukubali. Natamani ningeweza kurudi nyuma nikaushike kichwa kile kisitikisike. Uhalisia wa nani? Nahodha hafanyi kazi katika picha yangu.

*

Tuliondoka saa tano kasorobo. Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga, na chombo kilichosheheni hupita maji yakijaa au hakipiti. Mabaharia wawili wakashika pondo, mmoja huku mmoja kule, wakiita kina cha maji kwa sauti za kawaida kabisa, kama watu wanaoulizana bei ya nyanya. Umande ulikuwa ukivuma kutoka bara, hafifu, wenye harufu ya moshi wa jikoni. Tulipolipita fungu, nahodha akasema neno moja nao wakaanza kutweka. Mimi na rafiki yangu tukaambiwa tushike kamba ya jarari pamoja nao. Foromali ilipanda kwa mikono sita, kisha kwa mikono minne, kwa maana viganja vyangu viliteleza nikakaa kitako juu ya gunia la viazi. Hakuna aliyecheka. Kwa kweli ningependa wangecheka.

Baada ya saa moja umande ukatuachia, kaskazi ikatupokea ubavu wa kushoto. Jahazi likalala upande, likatulia katika kulala kwake, likaanza kwenda. Taa za Pangani zikawa mstari, mstari ukawa vumbi la mwanga, kisha hapakuwa na kitu. Maji yaliyokatwa na omo yalikuwa yakiwaka cheche za kijani. Nilitaka kumwonesha rafiki yangu lakini alikuwa amekaa karibu na tezi, magoti kifuani, akisoma kwa midomo tu. Basi nikatazama peke yangu. Kisha nikatapika.

Nahodha alikuwa na dira ndogo ndani ya kisanduku cha mbao, na simu aliyoitumia kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hatujaondoka. Msidhani ni mtu wa kale. Lakini usiku kucha aliitazama dira mara chache. Suheli aliiweka mbele ya bega lake la kulia mpaka ilipoinama, kisha akachagua nyota nyingine. Mbingu zilipofunika, hakubadilika. Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Wimbi hilo. Likija begani, tuko sawa. Likija usoni, tumekosea." Akanishika bega, akangoja, na wimbi lilipofika akalibonyeza. "Hilo."

Nilikuwa na kurasa 40 za rasimu juu ya "elimu asilia ya ubaharia". Hakuna hata sentensi moja iliyokuwa na bega ndani yake.

Kama saa nane nikaona taa mbili mbele yetu, upande wa kulia kidogo, nyekundu na kijani, zikiwa karibukaribu. Niliziona nzuri. Nahodha aliziona mapema kuliko mimi na hakuziona nzuri. "Ukiona nyekundu na kijani pamoja," alisema bila kugeuka, "inakutazama wewe."

Ilikuwa meli ya mizigo. Taa yetu ilikuwa kandili moja nyuma. Hatukuwa na redio ya kuiita. Nahodha akampa kijana mmoja tochi, naye akammulika si meli bali tanga letu, juu hadi chini, juu hadi chini, ili turubai lile lenye viraka liwe ukuta mweupe gizani. Wakati huohuo rafiki yangu akaniambia kwa sauti iliyokauka, "Funga vizuri." Alimaanisha jaketi la kuokolea maisha. Nikajitazama. Nilikuwa nimelivaa tangu Pangani. Na yeye alikuwa amelivaa lake. Nikawatazama wale wanne. Hakuna aliyekuwa nalo.

Jahazi zima lilikuwa na jaketi mbili. Tulipewa sisi tulipopanda, kama mgeni anavyopewa kiti, nasi tukavaa kama mgeni anavyokaa, bila kuuliza vingine viko wapi.

Sijui tulingoja dakika ngapi. Kisha taa ya kijani ikapotea, ikabaki nyekundu, na nahodha akatoa pumzi. Meli ilikuwa imegeuka. Ilipita mbali kiasi cha kusikia mashine yake bila kuona uso wa mtu. Mawimbi yake yakatufikia baadaye, mbuzi wakalia, maji yakaingia, na kwa nusu saa tuliyateka kwa madumu yaliyokatwa. Hapo ndipo nilipokuwa na manufaa kidogo.

*

Alfajiri upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Nahodha akakabidhi usukani, akaja kukaa karibu nami na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Mwanangu, mwenzio ananambia unaandika kitabu."

"Tasnifu, mzee. Ndiyo."

"Na mimi nimo?"

Alikuwemo. Nilikuwa nimemhoji mara mbili siku zile, na maneno yake yalikuwa nguzo ya sura ya tatu. Nikasema yumo sana.

"Umeniandika nani?"

Nikababaika. "Tunaficha majina, mzee, kwa kuwalinda. Nimekuandika mhojiwa namba nne."

Akafikiri. "Na hao watatu wa mbele yangu ni nani?"

Nikamtajia bila majina: mfanyabiashara wa nazi, karani mstaafu, na fundi wa kuchonga milango.

"Hakuna hata mmoja aliyeshika usukani," alisema. Hakukasirika. Alikunywa chai yake, akatazama tanga, akanyamaza. Kisha akasema, "Karani wa Pangani kakuandika wewe baharia. Wewe umeniandika mimi namba. Haya, bahari itajua nani ni nani."

Nimesoma nadharia nyingi kuhusu nani husema na nani husemewa. Hakuna iliyonifikia kama ile. Kwa maana kweli, kuna karatasi mbili. Ya kwanza inampa cheo mtu asiyekistahili. Ya pili inamvua jina mtu aliyelistahili. Na zote mbili tuliziandika kwa nia njema: moja kwa huruma, nyingine kwa maadili ya utafiti.

Historia tunayofundisha imejaa karatasi za aina hiyo. Kila mwanafunzi wa shule anajua kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi akavuka hadi Bara Hindi akiongozwa na rubani aliyempata pwani yetu. Jina la mgeni linakaririwa darasani. Rubani alikuwa nani hasa, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Zaidi ya miaka 500 imepita, na bado ninaandika "mhojiwa namba nne".

Tumbatu ikajitokeza na jua, chini, nyeusi, kisha kijani. Upepo ukarudi taratibu. Tulitia nanga Mkokotoni saa nne na nusu. Rafiki yangu hakungoja dau. Aliruka majini hadi kiunoni, viatu mkononi, akakimbia. Nilimfuata baadaye nikiwa na mifuko yote miwili. Nilimkuta makaburini. Alitia udongo wake mara tatu kwa mikono iliyokuwa na malengelenge ya kamba.

*

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa nayo mezani, na watu ninaowaheshimu.

La kwanza: wewe mwenyewe umeeleza jaketi mbili, kandili moja na meli iliyonusuru kuwapiga. Huo ndio ushahidi kwamba majahazi yakatazwe kubeba watu. Sheria ipo kwa ajili ya uhai.

Nakubali sehemu ya mwisho. Nililala juu ya vitunguu nikiwa na hofu, na sitaki msomaji adhani nampa wasia wa kwenda kutoroka usiku na jahazi lolote. Lakini angalia katazo lenyewe lilifanya nini. Halikutuzuia. Halikuongeza hata jaketi moja. Lilifanya jambo moja tu: lilifuta neno "abiria" kwenye orodha. Tungezama usiku ule, serikali ingetafuta mabaharia sita. Mama yangu angeambiwa mwanawe alikuwa na kazi asiyoijua. Na kwa kuwa abiria hayupo kwenye karatasi, hakuna anayelazimika kumwekea jaketi. Mtu ambaye hayupo haokolewi.

Wala tusijidanganye kwamba cheti na mashine vinatosha. Mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Mv Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Mv Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mv Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Zote zilikuwa na mashine, zote zilikuwa na karatasi. Na baada ya Bukoba na Spice Islander watu walibishana muda mrefu juu ya idadi ya waliokuwemo, kwa maana waliopanda walizidi walioandikwa. Sisemi jahazi ni salama kuliko meli. Nasema orodha ya uongo inaua katika vyombo vyote, na baada ya hizo meli hatukusema Watanzania wasipande meli. Tulidai ukaguzi, vifaa, idadi. Kwa nini jahazi tunalidai litoweke tu?

La pili: huko ni kurudi nyuma. Boti za kasi zipo.

Zipo, na nazipanda. Zinaunganisha miji. Hazimuunganishi mtu wa Pangani na maziko ya Mkokotoni, wala mchuuzi wa vitunguu na soko lililo ng'ambo ya pili. Njia hizo ndogo hazina faida ya kumvutia mwekezaji, na ndiyo sababu upepo umeachiwa. Anayeita hilo ni kurudi nyuma aeleze kwanza mbele ni wapi kwa mtu mwenye kilomita 60 za maji na kilomita 300 za basi.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwetu: jahazi likiwekewa redio, mashine ya akiba, jaketi za rangi ya chungwa na taa za umeme, halitakuwa jahazi tena. Urithi utaharibika.

Basi uharibike. Wazee wa wazee wa nahodha yule waliacha kushona vyombo wakaanza kupiga misumari, na hawakuomba ruhusa kwa mtu wa makumbusho. Waliacha makuti na mikeka wakachukua pamba, wakaacha pamba wakachukua turubai. Kama kuna kitu cha kurithi hapa, ni mkono uliobonyeza bega langu wimbi lilipofika. Mkono huo hauharibiwi na redio. Unaharibiwa na kuzama. Unaharibiwa pia na kijana anayetazama kazi ya baba yake ikipigwa picha mchana na kukatazwa usiku, akaamua bora bodaboda. Mmoja wa mabaharia wale watatu, mwenye miaka 19, aliniambia akipata pikipiki hatarudi majini. Nilitaka kumwambia anabeba historia. Nikaona aibu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimevaa jaketi lake.

*

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na hakina mashairi.

Kwanza, kuwe na leseni ya jahazi kubeba abiria wachache katika njia fupi zinazojulikana, kwa majira yanayojulikana, ikiwa na idadi na ukaguzi. Pili, jaketi kwa kila roho iliyomo, taa zinazoonekana na redio ya kuiita meli. Hivyo si vitu vya anasa. Fedha zinazotumika kwenye tamasha moja la urithi zingevisha mabaharia wengi. Tatu, vyuo vyetu vikome kumtumia nahodha kama kisima. Kama elimu yake inatosha kunipa mimi shahada, inatosha kumpa yeye cheti, na inatosha kumpa kiti mbele ya darasa badala ya ukurasa wa viambatisho.

La nne ni letu, msomaji, na halihitaji bunge. Tukipenda jahazi tuulize liko wapi usiku huu, nani yuko juu yake, na amevaa nini.

Mimi nimeanza na langu. Fomu ya ridhaa niliyopewa nitumie kwa wahojiwa ilikuwa na chaguo moja: jina litafichwa. Nimeongeza mstari: au, ukipenda, liandikwe. Nimerudi kwa kila niliyemhoji. Karani mstaafu kasema afichwe. Fundi wa milango kasema aandikwe, na nisisahau jina la babu yake. Nahodha alitamka majina yake matatu polepole, akanitaka nimsomee nilivyoandika, akasahihisha herufi moja.

Lakini hapa, mbele yako, bado sijamtaja, na sasa unajua sababu. Nikimtaja hapa ninamponza, kwa kuwa alifanya kosa la kumfikisha kijana kwenye kaburi la bibi yake. Tasnifu yangu itakuwa na jina lake bila usiku ule. Makala hii ina usiku ule bila jina lake.

Ninataka karatasi moja yenye vyote viwili. Iwe ya kawaida tu, ile ya ufukweni Pangani, yenye safu ya majina na safu ya kazi. Mbele ya jina lake: nahodha. Mbele ya langu: abiria.